Walinirudisha Kwetu Nikisinzia

Kama una mtu wako nyumbani ambaye ameanza kulala mchana kutwa, usiku hafumbi jicho, na mdomo wake umekuwa mchungu kuliko ulivyomzoea, soma hadi mwisho kabla hujaita wazee. Mimi niliitiwa wazee. Walikaa, wakasikiliza, wakanihukumu, na hukumu yao ndiyo iliyonifikisha hospitali, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia hivyo. Siandiki ili nionewe huruma. Huruma niliipata ya kutosha, na nyingine ilinichosha kuliko ugonjwa.

Jina langu Tatu, mzaliwa wa Ujiji, ila wengi wananiita Mama Mwajuma kwa jina la binti yangu wa pekee. Mume wangu, Mzee Ramadhani, alistaafu kazi ya bandarini katika ile miaka ya tisini watu wa Kongo walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Nyumba yetu ikajaa. Ndugu zangu wa upande wa mama, ambao tulikuwa tukipelekeana salamu tu, walishuka ufukweni na watoto na masufuria, na mimi siwezi kumfungia ndugu mlango. Sebule ikawa chumba cha kulala, ua ukawa na mafiga kila kona. Ndipo mume wangu alipotoa maneno ambayo nadhani alikuwa nayo moyoni tangu ujana.

"Tuwaachie nyumba," alisema. "Twende kwetu. Michikichi ya baba inavunwa na ngedere."

Kwao ni kijiji cha pwani ya ziwa, upande wa kusini, ukishapita mdomo wa Malagarasi. Mbele maji, nyuma msitu, katikati nyumba chache na moshi. Mimi ni mtu wa mjini. Nimezoea kusikia adhana ya misikiti miwili mitatu kwa mpigo, na nikiishiwa chumvi nanyoosha mkono tu kwa jirani. Nilimwambia nitamfuata, maana mke humfuata mume, ila asitarajie kuniona nikicheka. Maneno hayo aliyahifadhi vizuri sana.

Kwa ajili ya kuhama nilinunua kaniki mpya. Akilini mwangu shamba lilikuwa mahali pa nguo nyeusi zisizoonyesha uchafu. Wanawake wa kule walivaa khanga zilizopauka kwa jua, na nikawaona hawajui kujitunza. Jirani mmoja alinikuta nikielekea kwenye michikichi, akanisimamisha kwa salamu ya kwao.

"Mwakeye, mama. Iyo nguo yako mbung'o wanayipenda."

"Afadhali kuna anayeipenda," nilimjibu, nikapita.

Nilijiona hodari wa majibu. Mbung'o walinipenda kweli. Huyu nzi huuma hata juu ya nguo, na ukimpiga kofi haoni kama umempiga, anazunguka na kurudi pale pale. Baada ya muda likanitoka jipu begani, gumu na lenye joto. Nikalipaka mawese ya moto, likanywea. Kisha zikaja homa. Nilimeza klorokwini zikaniwasha mwili mzima hadi nikajikuna kwa gunzi la muhindi. Homa iliondoka, ikarudi, ikaondoka. Kilikuwa kiangazi, wakati wa kukamua mawese, kila mtu yuko kazini na kila mtu anaumwa kidogo, kwa hiyo sikuwa na la ajabu.

Mvua za kwanza zilipoanguka ndipo usingizi ulipokuja. Nitajaribu kuueleza, maana nilipokuwa nao sikuweza. Mtu mwenye usingizi wa kawaida anajua kwamba amesinzia. Mimi nilikuwa nachambua mchele, mara nasikia naitwa, ungo uko chini na kuku wanakula. Nilikuwa naongea, katikati ya sentensi najikuta sina mwisho wake. Usiku ndio nilikuwa macho, nimekaa kitandani nikitetemeka kwa hasira ambazo sikujua nimezitoa wapi. Mikono ilianza kucheza, chai ikamwagika kabla ya kufika mdomoni. Nikijigonga mlangoni, hata kidogo tu, maumivu yalichelewa kidogo halafu yakaja makubwa mno hadi nililia mbele za watu. Nilikonda mashavu, uso ukavimba chini ya macho.

Na mdomo wangu. Nilikuwa na ulimi hata kabla ya hapo, sikatai, lakini ulikuwa ulimi wa utani. Sasa nilimwambia mume wangu mambo ambayo mke hamwambii mume, mbele ya ndugu zake. Niliwaita watu wake washamba. Nilimwaga uji alionipikia. Yeye alinitazama tu, na nilijua anachofikiri: huyu mwanamke alisema hatacheka, na sasa anatimiza.

Ndivyo tulivyopotea wote wawili. Kule, mke mgeni akikataa kupika, akilala mchana, akitukana, jambo hilo lina jina na lina dawa. Jina lake ni kukataa mji wa mume, na dawa yake ni kikao. Hakuna aliyewaza zahanati, hata mimi. Nilijiuliza kama kweli chuki yangu juu ya mahali pale ilikuwa kubwa kiasi cha kunilaza mchana, na nikajijibu kwamba huenda.

Kikao kiliitishwa na shemeji yangu Shabani, kaka mkubwa wa mume wangu, pamoja na wazee wengine wa ukoo. Nilitandikiwa mkeka mbele yao. Nilioga, nikavaa khanga safi, nikaazimia kujitetea. Nilitaka kuwaambia kwamba naumwa, ingawa sikujua naumwa nini.

"Shemeji," Shabani alianza, kwa upole, nampa haki yake. "Mumeo hajaja kukushtaki. Amekuja kuomba tumsaidie kukuelewa. Tuambie, tumekukosea nini?"

Namkumbuka akikunja kanzu yake magotini. Kisha nakumbuka mkono ukinitikisa. Wazee walikuwa wamesimama, mmoja anatafuta kiatu chake, na mume wangu ameinamisha uso. Nilikuwa nimelala. Walikuwa wakinisemesha, nikawalalia, nikakoroma mbele yao.

"Basi imetosha," Shabani alisema. Upole ulikuwa umemwisha. "Ametujibu. Mpeleke kwao akapumzike. Akitaka kurudi, atarudi na adabu."

Kurudishwa kwenu ukiwa na wajukuu ni aibu ambayo siwezi kuitafutia maneno mazuri. Mume wangu alinipandisha boti ya kwenda Ujiji pamoja na kifurushi changu, akamwomba nahodha aniangalie, akashuka. Hakuniaga kwa jina. Nilitaka kumlaani, lakini boti haijaacha ufukwe nilikuwa nimeshalala juu ya magunia ya dagaa. Nilimchukia hata kwa hilo, kwamba sikuweza hata kukaa macho nikamlilia.

Kwenye nyumba yangu ya Ujiji nilipokelewa kama mgeni, maana ilikuwa na wenyewe sasa. Ndugu yangu Mama Sifa, aliyetokea Kongo, upande wa Kalemie, alinipa nafasi kwenye mkeka wake. Yeye hakuwa amesikia habari za kikao wala za ulimi wangu. Aliona tu mtu aliyelala na tonge mkononi.

"Yaya," aliniambia baada ya kuniangalia kwa siku chache, maana kwao dada mkubwa ni yaya, "iyi hapana hasira. Mutu wa hasira anakataa kula, lakini hasahau kama anakula. Kwetu batu ba namna iyi banapelekwa ku dispanseri."

"Nimechoka tu," nilisema.

"Umechoka na nini? Leo haujasimama."

Alimwita binti yangu Mwajuma, ambaye ameolewa Katubuka, na wote wawili wakanibeba hospitali. Kama ningekuwa kijijini, nadhani wangenisubiri nipate adabu hadi niishe.

Benchi la kusubiria nalifahamu kuliko sebule yangu. Lilikuwa la mbao, limelainishwa na makalio ya watu, na lilijaa tangu asubuhi: wavuvi, wajawazito, wakimbizi wa Kongo na wa Burundi. Kulikuwa na minong'ono kwamba hawa wageni ndio wanaoleta maradhi. Mwanamke mmoja alijisogeza mbali na Mama Sifa, akaninong'oneza mimi nisikae naye karibu. Mimi ndiye nilikuwa na ugonjwa, na huyu aliyeepukwa ndiye aliyekuwa ameniegemeza begani nisianguke. Nilitaka kumjibu yule mwanamke jibu la kikwetu. Ulimi haukuniitika.

Walichukua damu kidoleni. Mtu wa maabara alitoka mwenyewe kutuita, na hapo Mwajuma alinishika mkono kwa nguvu, maana watu wa maabara hawatokagi. Ilikuwa malale, ugonjwa wa usingizi unaoambukizwa na mbung'o. Kisha ikabidi wachukue maji ya mgongo, wajue kama ugonjwa umepanda kichwani. Unalazwa ubavu, unakunjwa magoti hadi kidevuni, unaambiwa usitikisike, na mimi mwili wangu wote ulikuwa unacheza. Muuguzi mwanamume alinikumbatia ili nitulie. Katika maisha yangu hakuna mwanamume asiye mume wangu aliyenishika hivyo, na sikuona haya, nilishukuru. Ulikuwa umepanda.

Daktari alituambia ukweli bila kuupaka asali. Dawa ipo, na ni kali. Wengi hupona. Wachache huuawa na dawa yenyewe. Asipochomwa, hatapona. Alitaka mume wangu awepo kabla ya kuanza, kwa hiyo walimpelekea ujumbe kwa boti.

Alipofika, Mwajuma alimngojea barazani. Sikuwahi kumsikia binti yangu akimpandishia baba yake sauti, na niliomba nisisikie tena.

"Ulimtoa kwake ukampeleka porini. Alipougua ukamrudisha kama mzigo. Sasa umekuja kufanya nini?"

Mume wangu aliingia wodini amevua kofia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliangalia miguu yangu, iliyokuwa imebaki mifupa, akaanza kuikanda.

"Nilidhani hunitaki," alisema.

"Na mimi nilidhani hivyo," nilimwambia. Ilikuwa kweli, na tulicheka wote wawili, kicheko kibaya cha watu wanaoogopa.

Dawa yenyewe inavutwa kwa bomba la kioo, maana ukiiweka kwenye bomba la plastiki inaliharibu. Nilipoambiwa hivyo nilifikiria mishipa yangu. Inaingia mkononi polepole na inachoma kuanzia kiwiko hadi kwapani, mdomo unajaa ladha ya chuma. Unachomwa siku kadhaa mfululizo, unapumzishwa karibu wiki, unachomwa tena, na tena. Hiyo ndiyo ikawa kalenda yangu. Sikujua Jumatatu wala Ijumaa, nilijua siku ya sindano na siku isiyo ya sindano.

Kitanda cha pili kulikuwa na Esperansi, mkimbizi wa Burundi, binti mdogo kuliko Mwajuma, aliyeupata ugonjwa akikata kuni porini. Yeye alikuwa na nafuu kuliko mimi. Alikuwa ananisukia nywele, na kwa kuwa nilisinzia wakati wa kusukwa alinisuka upande mmoja tu, kisha akacheka hadi muuguzi akaja. Tulianza dawa pamoja. Siku ya mwisho ya mzunguko wa kwanza aliamka akisema kichwa kinamuuma. Mchana ule alipatwa na degedege, mwanamke mzima, watu wanne wakimshika. Walinigeuzia uso ukutani. Nilisikia kila kitu. Kabla ya magharibi walitandika kitanda chake shuka jipya.

Nilikaa wiki ile ya mapumziko nikitazama lile shuka. Mzunguko wa pili ulipokaribia nilifunga kifurushi changu, nikatoka, nikakaa kwenye lile benchi la nje. Nilimwambia muuguzi naenda nyumbani. Nikifa nife kwa mkono wa Mungu, nisife kwa bomba la kioo.

Mwajuma alilia. Mume wangu alikuja akakaa pembeni yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yake. Angeniamrisha, ningemkumbusha kikao, ningemwambia yote.

"Haya, niamrishe," nilisema.

"Siamrishi."

"Wewe ndiye mume. Sema niingie au nitoke."

"Mara ya mwisho niliamua mimi," alisema, "nikakupakia kwenye boti ukiwa unakufa. Safari hii ukiingia nitakuwa mlangoni. Ukitoka nitabeba kifurushi."

Nilimkasirikia mno kwa kukosa cha kumkasirikia. Alikwenda kunitafutia uji. Nikabaki peke yangu nikihesabu sababu zangu: Esperansi, degedege, lile shuka. Nilikuwa na hakika ya uamuzi wangu kama sijawahi kuwa na hakika ya kitu.

Nilipofumbua macho, uji ulikuwa umepoa miguuni pangu na jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa jengo. Mume wangu alikuwa amekaa chini sakafuni, amenishika kisigino. Labda ulikuwa uchovu tu. Labda ulikuwa ule usingizi mwingine, ungali humo ndani, unangoja nitoke getini. Sikuweza kujua, na nikaona kwamba nikienda nyumbani sitajua kamwe. Kila nitakapofumba macho nitakuwa sijui kama ni mimi niliyelala au nimelazwa. Nilimwogopa Esperansi, Mungu anisamehe, lakini hilo niliogopa zaidi. Nilisimama, nikaingia ndani kwa miguu yangu, nikamnyooshea muuguzi mkono.

Mizunguko miwili iliyobaki sitaieleza yote. Mishipa ya mkono ilikuwa migumu hadi wakahamia mwingine. Nyayo zilikufa ganzi, nikawa nakanyaga chini bila kuhisi chini. Nywele zilinyonyoka zile alizonisuka Esperansi. Kila kichwa kiliponigonga nilijua ndiyo yenyewe imekuja, na kila mara haikuja. Mama Sifa aliniletea samaki, mgebuka wa kuchemsha na ndimu, na siku moja nikagundua kwamba nimeumaliza wote na bado niko macho, na kwamba ninaona kila kitu wodini kwa rangi yake. Aliondoka na bakuli akiimba.

Nilitoka hospitali masika yakiwa yamekolea. Watu walidhani nitabaki Ujiji. Mwajuma alikuwa ameshanitengea chumba Katubuka. Nikasema narudi kwenye michikichi. Si mapenzi yaliyonirudisha, nitasema kweli. Nilikuwa nimerudishwa kwetu kwa aibu, na sikutaka aibu ile iwe neno la mwisho juu yangu pwani ile. Nilishuka kwenye boti nimevaa nyeupe, na Shabani alikuwa ufukweni. Alinipokea kifurushi mwenyewe, mbele za watu, akasema, "Shemeji, tulikukosea." Nilimwambia kikao kijacho nitakuja na mto. Alitazama chini, kisha akacheka, na tangu siku hiyo tunataniana.

Lakini malale hayakuachii kwa siku moja. Daktari alisema lazima nirudi kila baada ya miezi sita, wachukue maji ya mgongo, hadi miaka miwili ipite, kwa sababu ugonjwa huweza kujificha na kurudi. Mume wangu aliyachukua maneno hayo akayafanya kazi. Nikifumba macho mchana, hata kwa kukwepa jua, ananitikisa. "Mama Mwajuma. Leo siku gani? Nani alipita hapa asubuhi?" Nikimjibu vibaya kwa hasira anatulia, maana nimejibu. Nikichelewa kujibu anakuwa wa majivu usoni. Nilichoka sana miaka ile. Mwili uliotoka kwenye dawa ile unataka kulala, na mimi sikupata hata nusu saa ya mchana. Tuligombana kwa hilo kuliko tulivyowahi kugombania kijiji. Nilimwambia ananinyima haki ya mzee yeyote. Akasema nikasirike tu, ila nifumbue macho. Moyoni nilimwelewa, maana hata mimi nilijitikisa mwenyewe asipokuwepo.

Kila majibu yalipotoka safi tuliambiana tusishangilie bado.

Kipimo cha mwisho kilikuwa mwanzo wa kiangazi. Nilikunja magoti nikachomwa ile sindano, kisha nikakaa kwenye benchi pamoja na wengine, wakimbizi na wenyeji, tukitazama ule mlango wa maabara. Safari hii aliyetoka alikuwa daktari. Alisema maji ni safi, na kwamba hataki kuniona tena. Mume wangu aliomba arudie. Akarudia. Alimwomba arudie mara ya tatu, daktari akacheka, akarudia.

Tulifika nyumbani kesho yake, jua kali, mgongo ukinivuta. Nilikaa barazani kwenye mkeka niivue miguu viatu. Nadhani nilivua kimoja.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka karibu na maji. Kiatu cha pili kilikuwa kimevuliwa na kuwekwa kando ya mwenzake. Mume wangu alikuwa ameketi kichwani pangu, ana tawi la majani mkononi, analipunga taratibu juu yangu, nzi wasinitue. Mkono ulikuwa umeshamchoka, alikuwa ameushikilia kwa mkono wa pili. Nilingoja aniulize leo siku gani. Hakuniuliza.

"Nimelala muda gani?" nilisema.

"Muda mrefu," alijibu. "Kama bado una usingizi, lala."